Mfaa na mzega: kwa nini picha nyingine inatulia na nyingine inayumba

Kuna neno moja la mafundi wa milango ambalo natamani kila anayeshika kamera alijue, nalo ni mfaa. Nenda Mji Mkongwe pale Unguja, au Lamu, simama mbele ya mlango wa zamani wa kuchonga. Mlango una pande mbili zinazofunguka, kushoto na kulia kuna miimo, juu kuna kizingiti chenye nakshi na mara nyingine maandishi ya Kiarabu, na katikati kabisa, pale pande mbili zinapokutana, kuna mti mmoja umesimama wima toka juu mpaka chini kuficha ule mwanya. Huo mti ndo mfaa. Nakshi iliyo kushoto kwake ina pacha wake kulia, ua kwa ua, na jicho lako bila kuambiwa na mtu linaenda pale kwenye mfaa na kuanza kulinganisha huku na huku. Hiyo ndo simetri, fundi kaichonga kabisa unaweza kuishika kwa mkono.

Naanza na mlango kwa sababu hii mada imevurugwa sana. Mi napiga picha, zaidi za harusi na za familia, na swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza ni hili, sasa mtu nimuweke katikati au nisimuweke? Wanauliza kwa sababu wameambiwa vitu viwili vinavyogombana. Mzee wa studio mtaani kwao kamwambia weka katikati picha ipendeze, alafu video ya mtandaoni ikamwambia usithubutu kuweka katikati, gawanya fremu mara tatu weka pembeni. Kijana anachanganyikiwa na ana haki ya kuchanganyikiwa, maana hapo kuna maneno matatu yamepikwa kwenye sufuria moja, katikati, simetri na balansi. Kitu kinaweza kuwa katikati ya picha na picha isiwe na simetri yoyote. Picha inaweza isiwe na simetri hata ya dawa na ikawa imebalansi vizuri mno. Na simetri yenyewe ni aina moja tu ya balansi, ile ambayo kila mtu anaitambua haraka lakini kuipiga ni kazi.

Ni kazi kweli. Harusi moja, miaka yangu ya mwanzo, niliwasimamisha maharusi mbele ya mlango wa namna hiyo, jua limeshaanza kulegea, ukuta wa chokaa una ule weupe wa maziwa, nikapiga picha kama thelathini. Usiku nafungua kwenye kompyuta naona mlango unaanguka. Nilikuwa nimesimama hatua moja kulia kwa mfaa, hatua moja tu, na kamera nimeinyanyua juu kidogo ili kizingiti kiingie. Basi mwimo wa kulia ukatoka mrefu kuliko wa kushoto, na miimo yote miwili ikainamiana kwa juu kama watu wanaonong'onezana. Shangazi yake bibi harusi alipoiona swali lake la kwanza lilikuwa mbona mlango umepinda. Gauni hakuliona, hina hakuiona, ameona mlango. Iliniuma sana ile, maana ile siku hairudiwi.

Baadae ndo nikaelewa kilichotokea. Jicho la binadamu ni kali ajabu kwenye kulinganisha pande mbili, ukilipa kitu kinachokaribia kuwa sawa linaacha kila kitu na kuanza kutafuta tofauti. Ningekuwa nimesimama hatua kumi kulia, mlango ungeonekana kwa ubavu, na hakuna mtu angeuliza kitu, wangesema tu umepigwa kwa pembeni. Mlango uliopinda digrii mbili unaonekana kosa, mlango uliopinda digrii thelathini unaonekana umechagua. Ndo maana mi nasema simetri ya karibu-karibu ndo mpangilio mbaya kuliko yote, ukiamua kuifuata ifuate mpaka mwisho, ukiona haiwezekani ondoka hapo kabisa usogee pembeni.

Sasa kuifuata mpaka mwisho kunaanza na miguu. Kabla hujatoa simu mfukoni tafuta mfaa wa kile unachokipiga, kama ni mlango upo, kama ni ukumbi angalia mstari wa vigae au taa ya katikati, kama ni barabara angalia mistari ya katikati kama magari yanaruhusu, alafu simama juu yake. Ukisimama pembeni ukaigeuza kamera ielekee katikati, upande ulio karibu na wewe lazima uwe mkubwa kuliko ule wa mbali, hata ukiwa na kamera ya milioni kumi. Cha pili ni uso wa kamera kuwa sambamba na uso wa kitu, yaani mgongo wa simu na mlango viwe kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa. Ukiinamisha simu nyuma ili kunasa juu, mistari ya wima inaanza kukutana kwa juu, ndo ile miimo yangu inayonong'onezana. Dawa yake ni kunyanyua kamera yenyewe juu, panda hata kwenye kiti, au rudi nyuma, alafu upige imenyooka na sehemu ya chini ukaikate baadae.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawajakigundua, ile gridi ya kwenye simu, ya mistari miwili wima na miwili ya kulala, haina mstari wa katikati. Inagawa fremu mara tatu, kwahiyo katikati pako patupu, na mtu anakisia tu. Mi nachofanya naangalia kingo, naangalia umbali kutoka ukingo wa kushoto wa fremu mpaka mwimo wa kushoto, alafu nalinganisha na kulia. Kingo hazidanganyi. Kama kamera yako ina gridi ya kugawa mara nne basi itumie hiyo, mstari wake wa kati ndo mfaa wako.

Lenzi nayo inaingia. Ile lenzi pana sana ya simu, inayoandikwa 0.5, inavuta vitu vya pembeni na inakuza kila kosa la kusimama, ukikosea sentimita mbili inaonyesha kama umekosea mita. Kama nafasi ipo rudi nyuma utumie 1 au hata 2, mistari inatulia. Shida ni kwamba vichochoro vya Mji Mkongwe havina nafasi ya kurudi nyuma, mgongo unagusa ukuta wa jirani na mlango bado haujaingia wote, hapo mi huwa nachagua kupiga sehemu tu, mfaa na nakshi zake, mikono miwili ya maharusi kila mmoja upande wake, na picha hizo mara nyingi zinashinda ile ya mlango mzima. Programu za kurekebisha kama Snapseed zinaweza kunyoosha mistari iliyoinama, ila zinakula kingo za picha, kwahiyo ukijua utanyoosha acha nafasi ya ziada pembeni mapema.

Simetri haiko ya kushoto na kulia peke yake. Kuna ya juu na chini, ambayo maji ndo yanatupa bure. Hapa ile sheria inayosema usiweke upeo wa macho katikati inavunjwa kwa raha, kwa sababu mstari wa maji ndo mfaa wenyewe umelala. Lakini watu wanashangaa kwa nini picha zao za kivuli kwenye maji hazitoki kama walivyotarajia, sababu iko wazi ukiifikiria, kamera iko juu ya maji, na taswira iliyo ndani ya maji inaonyesha vitu kama vile vingeonekana na mtu aliye chini ya maji kwa kina kilekile anaangalia juu. Ukisimama wima macho yako yako mita moja na nusu juu, kwahiyo picha mbili ni za sehemu mbili zenye tofauti ya mita tatu, haziwezi kufanana. Shuka chini. Baada ya mvua ya masika tafuta dimbwi hata la ukubwa wa sinia, geuza simu kichwa chini miguu juu ili lenzi iwe upande wa chini, ishushe mpaka karibu iguse maji, utaona nusu mbili zinakutana kama pande za kipepeo. Dimbwi la barabarani linageuka ziwa.

Kuna ile ya kuzunguka, kama miale inayotoka sehemu moja. Tairi la baiskeli, ungo, kawa la kufunikia chakula ukiliangalia toka juu na zile rangi zake zinazozunguka. Wanaopiga chakula wanaijua bila kuijua, sinia la pilau toka juu ni duara ndani ya fremu. Duara kamili katikati linakaa kimya sana, wakati mwingine kimya mno mpaka chakula kinaonekana cha maonyesho, mi napenda sinia likatwe kidogo na ukingo wa fremu na mkono mmoja uingie kuchota, hapo njaa inaingia kwenye picha.

Na kuna ya kurudiarudia, nguzo za baraza ndefu, matao, viti vya ukumbi kabla wageni hawajafika. Hii sitaikalia sana, ila jua kitu kimoja, marudio yanasubiri kitu cha kuyakatisha, kiti kimoja chekundu kati ya vyeupe, mtoto mmoja kati ya nguzo.

Kanga inatufundisha hiyo vizuri kuliko kitabu. Itandaze chini, pindo limezunguka pande nne, mji uko katikati, pembe zinafanana, kila kitu kina pacha. Alafu chini kidogo ya katikati kuna jina, maandishi, na hayo hayana pacha juu. Kwa sababu ya mstari mmoja tu wa maneno kanga inapata juu na chini, inapata mdomo, na ukiipiga picha imegeuzwa kila mtu atakwambia umeigeuza. Ukitaka simetri yako isife, iachie jina.

Sasa tuje kwenye balansi isiyo na simetri, na hapa namuaga fundi mlango namwita mchukuzi wa maji. Mzega si unaujua, ule mti unaolazwa begani na mzigo ukaning'inia kila upande. Kama ndoo mbili ziko sawa bega linakaa katikati ya mti, hiyo ni simetri, hamna mjadala. Lakini kama huku kuna ndoo imejaa na huku kuna kidumu cha lita tano, mchukuzi hasimami hapo kulalamika, anausogeza tu mti, ndoo nzito inakuja karibu na bega na kidumu kinaenda mbali, mzega unatulia na safari inaendelea. Uzito mkubwa kwa umbali mdogo, uzito mdogo kwa umbali mkubwa. Picha iliyobalansi bila simetri inafanya hivohivo. Bega ni katikati ya fremu. Kitu kizito kinakaa karibu na katikati, kitu chepesi kinaruhusiwa kwenda mpaka pembeni, na vikibadilishana nafasi picha inaanguka.

Ila uzito wa kwenye picha haupimwi kwa kilo, tembo anaweza kuwa mwepesi kuliko ndege. Uzito ni kile kinachovuta jicho. Kitu chenye mwanga kwenye giza ni kizito, na cheusi kwenye weupe vilevile, ni ile tofauti ndo inavuta. Nyekundu ni nzito, ndo maana kibanda kilichopakwa rangi ya kampuni ya simu huko nyuma kwenye kona kinaweza kuiba picha nzima ya bibi yako. Uso wa mtu ni mzito kuliko karibu kila kitu, na ukiwa na macho yanayokuangalia uzito unaongezeka. Maandishi ni mazito kwa wanaojua kusoma, hatuwezi kuyaona bila kuyasoma, mwanamke akipita na kanga unasoma jina kwanza ndo unamtambua aliyeivaa. Kitu kilicho wazi kwenye fokasi ni kizito kuliko kilichofifia. Na kitu kilicho peke yake, mbali na wenzake, kina uzito ambao kingekuwa kwenye kundi kisingekuwa nao.

Alafu kuna uelekeo, ambao watu wanausahau. Mtu akiangalia kulia, macho yetu yanafuata anakoangalia, kwahiyo ile sehemu tupu mbele ya uso wake ina uzito hata kama haina kitu. Jahazi lenye tanga limejaa upepo ni hivohivo, tanga lenyewe limeinamia upande mmoja, hakuna simetri pale, lakini ukiliwekea bahari mbele yake linatulia. Ukiliweka pua inagusa ukingo wa fremu unapata wasiwasi kama unaliona linagonga ukuta. Wapo wanaofanya hivyo makusudi, ili wasiwasi uwepo, na ni sawa kama ndo walichotaka kusema.

Mfano wangu mkubwa wa mzega ni Kilimanjaro. Watu wengi wanapiga Kibo peke yake, mita 5,895, kuba la mviringo lenye weupe juu, na kweli Kibo peke yake unaweza ukaiweka katikati ikakaa kama mfalme. Lakini ukiwa Moshi, asubuhi mapema kabla mawingu hayajapanda, ukaipa fremu nafasi, utaona kulia kuna Mawenzi, mita 5,149, imechongoka, nyeusi, imevunjikavunjika, haifanani na nduguye hata kidogo. Vijana wanaikata kwa sababu inaharibu ulinganifu. Usiikate. Weka Kibo upande wa kushoto karibu na katikati, Mawenzi iache iende mpaka karibu na ukingo wa kulia, na ule uwanda kati yao uwe mti wa mzega. Kubwa jeupe lililotulia karibu, dogo jeusi lenye meno mbali. Mlima unaonekana mpana vile ulivyo kweli. Ukienda kuupiga toka Amboseli upande wa Kenya pande zinabadilishana, Mawenzi inakuja kushoto, na unabidi uupime upya, maana hata mwanga unaupiga tofauti.

Mtu aliyeipeleka hii mbali ni Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Mwaka 1932, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare huko Paris, alipiga mtu anaruka juu ya maji yaliyotuama, kisigino hakijagusa maji bado, na chini yake taswira yake inaruka vilevile. Kwa sheria za kawaida ile picha ingeanguka, mtu yuko kulia na anazidi kukimbilia kulia, anakaribia kutoka. Lakini kule nyuma ukutani kuna tangazo lenye mcheza dansi mdogo anaruka kuelekea upande wa pili, kushoto. Kidumu cha lita tano kile. Kidogo, kiko mbali, kimefifia, na kinashikilia mtu mzima. Juu na chini una simetri ya maji, kushoto na kulia una mzega, vyote kwenye picha moja ya sekunde kidogo. Nimeiangalia miaka na bado naigundua.

Sasa ile sheria ya kugawa mara tatu, inayosemwa kama imeshuka toka mbinguni. Jina lake limeanza kuandikwa mwaka 1797 na msanii Muingereza John Thomas Smith, alikuwa anazungumzia uchoraji wa mandhari, kwamba mbingu na ardhi zisigawane nusu kwa nusu, moja ichukue theluthi mbili nyingine theluthi moja, na mwanga na giza vilevile. Kamera haikuwepo. Ilikuwa ushauri wa mchoraji, na ni ushauri mzuri, kwa sababu ukimuweka mtu kwenye theluthi unamlazimisha kufikiria upande wa pili utabeba nini. Tatizo linakuja pale mtu anapoweka kitu theluthi ya kushoto alafu kulia hakuna kitu chochote, wala macho yanayoelekea huko, wala mwanga, ni ukuta tu. Huo ni mzega wenye ndoo moja. Ametii sheria na picha imelala upande.

Na anayesema katikati ni ushamba naye simuelewi. Katikati ni mahali pa heshima, na sisi tunajua hilo vizuri, mgeni rasmi anakaa katikati, maharusi wanakaa katikati, picha ya ukoo babu na bibi wako katikati na wajukuu wamewazunguka. Ukimpiga bibi wa miaka tisini ukamtupa theluthi ya kushoto kwa sababu video imesema, unaweza ukawa umemkosea adabu bila kujua. Simetri inasema simama, tulia, heshimu. Mzega unasema angalia huku kinachotokea. Kabla ya kuchagua jiulize unataka kusema lipi.

Ndani ya harusi hivi vitu viwili vinakutana kila dakika. Maharusi jukwaani wanaonekana ni simetri, viti viwili, maua huku na huku, lakini kwa uzito wa jicho bibi harusi na lile gauni jeupe lililotandazwa anamzidi bwana harusi wa suti nyeusi mara mbili, hasa kama nyuma kuna pazia la giza. Ukiweka mstari wa katikati sawasawa kati yao, picha inalala upande wa gauni. Mi huwa naomba kundi lenye sare za rangi kali lisimame upande wa bwana harusi, au namvuta mpambe mmoja mwenye nguo ya kung'aa ahamie kule, hata mishumaa ya mezani nasogeza. MC anadhani nachelewesha ratiba, kumbe nasawazisha mzega.

Wanaojua kucheza na simetri kuliko wote ni waliojenga Taj Mahal kule Agra, India. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631, mumewe Shah Jahan akamjengea lile kaburi, na kila kitu pale kina pacha. Upande wa magharibi kuna msikiti, na ili msikiti usibaki peke yake ukavuta macho, upande wa mashariki wakajenga jengo lingine linalofanana nalo. Lenyewe haliwezi kuwa msikiti maana limegeukia upande usio wa kibla, limejengwa ili kulingana tu, na jina lake ni jawab. Mswahili akisikia hapo anaelewa papohapo, jawabu, msikiti umeuliza na jengo limejibu. Tangu nijue hilo nikiwa napanga picha najiuliza, hiki nilichoweka kushoto kina jawabu kulia? Jawabu sio lazima lifanane nacho, linaweza kuwa kivuli, au nafasi, au macho ya mtu anayeangalia.

Na ndani ya Taj Mahal, katikati kabisa, kwenye mfaa wa jengo zima, kuna kaburi la Mumtaz. Shah Jahan alipofariki mwaka 1666 naye akazikwa humo, la kwake likawekwa pembeni upande wa magharibi, tena kubwa kuliko la mkewe. Likaivunja ile simetri yote. Wapo wanaosema ni kasoro, mi naona ndo sehemu pekee humo ndani inayozungumza, bila lile la pembeni ungeona jengo, ukiliona lile unaona mume na mke.

Nyuso zetu nazo, hili nitalisema haraka. Hakuna uso wenye simetri kamili, na ndo chanzo cha watu kuchukia picha zao. Umejizoea kwenye kioo, ambako kushoto na kulia kumegeuzwa, picha inakuonyesha vile wengine wanavyokuona na unahisi umepinda. Mwaka 1977 watafiti Marekani walijaribu, wenye sura walipendelea picha iliyogeuzwa kama kioo, marafiki zao wakapendelea ile ya kawaida. Kwahiyo mteja akikwambia hajatoka vizuri usigombane naye, na usimnyooshe uso kwa programu ukalinganisha pande mbili, utapata mtu mwingine kabisa ambaye mama yake hamjui.

Namna ya kupima uzito ukiwa hujiamini ni kugeuza picha juu chini. Kwenye simu gusa kitufe cha kuzungusha mara mbili, uiangalie hivyo. Ubongo unaacha kusoma majina ya vitu, huyu ni shangazi, ile ni gari, unabaki na madoa ya mwanga na giza, na utaona papohapo upande gani umezama. Wapiga picha wa zamani walikuwa hawana chaguo, zile kamera kubwa za studio, za kujifunika kitambaa kichwani, zinaonyesha picha kwenye kioo cha nyuma ikiwa kichwa chini. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948, alifanya kazi na kamera ya filamu ya sentimita 13 kwa 18 ya namna hiyo. Angalia picha zake uone wanawake wenye magauni ya maua mbele ya pazia la maua, kila kitu kinavuta, na bado mwili umelazwa mshazari kidogo, mkono umewekwa mahali, na fremu nzima imetulia. Siamini kama ni bahati, mtu ameangalia watu juu chini maisha yake yote.

Kuna picha moja ya kwangu nataka nimalizie nayo. Nyumba zetu za pwani nyingi zina baraza mbili, moja kila upande wa mlango, nje, za kukalia. Mzee mmoja alikuwa amekaa baraza ya kushoto, kanzu nyeupe, kofia, fimbo mapajani. Mlango katikati, mfaa nimeupata, miguu iko sawa, kingo nimezipima. Lakini mzee ni mzito na baraza ya kulia ni saruji tupu, picha inalala kushoto. Nikafanya nilivyofundishwa, nikaomba dele la kahawa na vikombe viwili nikaviweka kule kulia, shaba inang'aa vizuri kwenye jua la jioni, nikapiga, ikabalansi. Mzee akaniangalia akasema, mwanangu, hapo anakaa mwenzangu. Nikauliza mwenzako yuko wapi nimsubiri. Akasema hayupo tena, tumecheza bao hapa miaka arobaini, hapo hakai mtu.

Nikaenda nikaondoa dele na vikombe, nikarudi kwenye mfaa, nikapiga tena. Mzee kushoto, kulia baraza tupu. Hiyo ndo niliyomchapishia.